Neno Kabla ya Onyesho

Yuko fundi mmoja wa jukwaani asiyeimba, asiyeigiza wala kupiga ala. Hutangulia mbele ya hadhira, akazungumza dakika chache, kisha akawapisha wenye onyesho. Makofi yake huwa machache. Mimi namhesabu miongoni mwa wasanii.

Kazi yake ina mizani nyembamba. Akisema kidogo mno, msikilizaji hubaki alivyokuja. Akizidisha, humchosha kabla wimbo wa kwanza haujaanza. Aliye hodari huchagua jambo moja tu, akalionyesha kwa sauti yenyewe.

Kiongozi wa okestra Leonard Bernstein aliijua siri hiyo. Tarehe 18 Januari 1958, katika ukumbi wa Carnegie Hall, New York, alisimama mbele ya watoto pamoja na okestra ya New York Philharmonic, akawauliza: muziki una maana gani? Aliwasimulia kisa alichokibuni cha Superman akimwokoa mfungwa, na okestra ikapiga muziki uliokwenda sambamba nacho. Baadaye akawafichulia kwamba muziki ule Richard Strauss aliutunga kwa kisa kingine kabisa, cha Don Quixote, na ukapigwa tena. Kisa kilikuwa kimebadilika, noti zilikuwa zilezile. Jibu la swali lake watoto walilipata kwa masikio yao wenyewe. Mazungumzo ya namna hiyo, yaliyorushwa na televisheni, aliyaendeleza hadi 1972.

Kwetu mwambao fundi huyu anahitajika zaidi, kwa sababu taarab husema kwa mafumbo, na fumbo hufumbuliwa na anayejua lilikotoka. Chukua “Kijiti”, wimbo wa Siti binti Saad. Kijana wa leo anaweza kuufurahia kwa mahadhi yake tu. Lakini akiambiwa kwamba nyuma yake kuna kisa cha kweli, cha mwanamke mgeni aliyeuawa Unguja na muuaji akatorokea Bara, hataketi tena vilevile. Atasikiliza kama shahidi aliyeitwa mahakamani. Na mpiga udi akiombwa apitishe vidole kwenye maqam moja (ngazi ya sauti za muziki wa Kiarabu) yenye zile sauti za katikati ambazo piano haina, polepole, hata mgeni wa taarab atazitambua. Wimbo ukianza, atakuwa anazisubiri, na kila zikipita zitamfurahisha.

Wapo wanaosema sanaa nzuri hujieleza yenyewe. Ni kweli, hujieleza kwa aliyekulia ndani yake. Wengine wote tulihitaji mtu wa kutufungulia mlango, awe bibi, jirani au mwalimu. Mzungumzaji wa kabla ya onyesho huufungulia ukumbi mzima.

Basi waandaaji wa matamasha, mtengeeni dakika zake kumi, mumlipe, na jina lake mliandike kwenye ratiba pamoja na ya waimbaji. Nawe msomaji, ukisikia kuna mazungumzo kabla ya onyesho, wahi kiti.