Mipira Isiyorushwa: Namna ya Kumpima Senta

Ukitaka kujua kama senta wa mpira wa kikapu anaijua kazi yake, mtazame mshambuliaji. Chagua yule aliyekwisha kumpita beki wa kwanza na sasa anakata kuelekea ringi. Hatua yake ya mwisho inakuwaje? Anaimaliza lei-apu yake kama alivyokusudia, au anafupisha hatua, anaukumbatia mpira, kisha anautoa pembeni kwa mwenzake ambaye hata hakuwa tayari kuupokea? Jambo hilo la pili haliandikwi popote. Mwenye kalamu pale mezani hana safu ya mpira ambao haukurushwa. Hata hivyo, hilo ndilo zao kubwa la senta mlinzi, na anayempima kwa bloku, yaani mipira aliyoizuia, peke yake anahesabu sehemu ndogo tu ya kazi iliyofanyika.

Kipimo changu kwa ufundi huu ni Dikembe Mutombo, mzaliwa wa Kinshasa wa mwaka 1966, wakati mji huo ungali ukiitwa Léopoldville. Namchagua kwa sababu alicheza muda mrefu mno, kiasi kwamba ndani ya maisha yake ya kikapu unaona kila umri wa senta: kijana anayeruka kila mpira, mtu mzima anayejua upi wa kuuacha, na mzee asiyeweza tena kuruka lakini bado anaogopwa. Misimu 18 ya NBA, kuanzia 1991 hadi 2009, timu sita, michezo 1,196 ya msimu wa kawaida. Mara nne alitajwa kuwa mlinzi bora wa mwaka. Bloku zake ni 3,289, na anayemzidi ni mmoja tu, Hakeem Olajuwon wa Lagos, mwenye 3,830.

Lakini orodha hiyo ya bloku isomwe kwa uangalifu. NBA ilianza kuziandika rasmi msimu wa 1973–74. Bill Russell, aliyetwaa ubingwa mara 11 katika misimu 13 akiwa na Boston Celtics, alikuwa amekwisha kustaafu. Wilt Chamberlain naye alikuwa ametoka kucheza msimu wake wa mwisho. Kwa mujibu wa vitabu, wanaume hao wawili hawakuzuia hata mpira mmoja. Basi mtu akikutajia nani alikuwa wa kwanza, wa pili au wa tatu katika historia, mwulize kwanza historia yake inaanzia mwaka gani.

Russell ndiye aliyeacha somo la kwanza la mjuzi: ufuate mpira baada ya bloku. Watazamaji hushangilia mpira uliopigwa kibao ukatua safu ya nne ya jukwaa. Mimi sishangilii. Mpira huo unarudi kwa wapinzani, wanautia kutoka pembeni, wanapumzika, wanajipanga upya. Russell aliugusa mpira kwa ncha za vidole, ukabaki ndani ya uwanja, mara nyingi mikononi mwa mwenzake wa Celtics ambaye tayari ameanza kukimbia upande wa pili. Mchezo mmoja wa ulinzi ulikuwa pia pasi ya kwanza ya shambulizi. Ukiwa uwanjani safari ijayo, gawa bloku za senta wako mafungu mawili: zilizobaki ndani na zilizotoka nje. Nakuhakikishia utawapanga masenta upya kabisa.

Ufundi wa namna hii hupokezanwa. John Thompson alikuwa senta wa akiba nyuma ya Russell pale Boston kati ya 1964 na 1966, akimwona mazoezini kila siku. Baadaye akawa kocha wa Chuo Kikuu cha Georgetown, akamlea Patrick Ewing, kisha akamkuta kijana wa Kikongo aliyefika mwaka 1987 kwa ufadhili wa masomo, mwenye nia ya kuwa daktari. Kijana huyo ni Mutombo. Alonzo Mourning alikuwa naye katika timu hiyo hiyo. Ndiyo maana sikubali maelezo ya kwamba Mutombo alizuia mipira kwa kuwa alikuwa na urefu wa mita 2.18. Warefu ni wengi. Waliopita mikononi mwa mtu aliyesoma kwa Russell ni wachache.

Sasa tazama miguu, na hapa usiwe na haraka, kwa kuwa ndipo siri ilipo. Senta mbovu huanza kusogea pale mshambuliaji anapoinua mpira. Senta mzuri anakuwa amekwisha kuhama tangu beki wa mbele alipoanza kupoteza mizani, hatua moja au mbili mapema, hivyo anapofika chini ya ringi amesimama kwa miguu yote miwili na ana uwezo wa kuruka juu, bila kuyumba kwenda mbele. Kisha anasubiri. Anaruka wa pili, baada ya mrushaji. Mwenye pupa akihadaiwa kwa mpira ulioinuliwa bila kurushwa, anapaa peke yake, anashuka juu ya mabega ya mrushaji, na filimbi inalia. Muda wenyewe wa kazi ni finyu kweli: ringi iko mita 3.05 kutoka chini, na kanuni hairuhusu kuugusa mpira ulio juu ya ringi ukishaanza kushuka kuiendea. Kila kitu hufanyika kati ya mpira kutoka mkononi na kufika kileleni. Halafu angalia kama anaweza kuruka mara ya pili papo hapo, maana mrushaji mjanja huchukua ribaundi yake mwenyewe. Senta wa mruko mmoja amefanya nusu ya kazi.

Mikono nayo ina lugha yake. Kanuni inampa mlinzi haki ya nafasi iliyo wima juu yake. Akiruka wima huku mikono imenyooka, miili ikigongana kosa si lake. Mikono inayoshuka ndiyo inayoita faulo. Mutombo hakuwa malaika katika hili, viwiko vyake viliwaumiza wachezaji wengi, nami siwezi kuuita huo ufundi. Ila pale juu, mikono yake ilikuwa na adabu.

Kuhusu kile kidole alichokitikisa Mutombo baada ya bloku, wengi wamekichukua kama maringo. Mimi nakihesabu ndani ya kazi. Mrushaji aliyetikisiwa kidole mbele ya maelfu ya watu hukumbuka aibu hiyo mara nyingine anapokaribia ringi, na kukumbuka kwake ndiko kunakomfanya aghairi. Ligi ilipoamua kuadhibu kumtikisia mpinzani kidole usoni, Mutombo aliwageukia watazamaji na kuwatikisia wao.

Kwa macho hayo hayo namtazama Hasheem Thabeet wa Dar es Salaam, na ningependa Watanzania wenzangu wamtazame kwa haki. Mwaka 2009, mwaka ule ule Mutombo aliostaafu, Memphis Grizzlies walimchagua wa pili katika drafti nzima ya wachezaji wapya, mbele ya James Harden na Stephen Curry. Ana mita 2.21. Katika msimu wake wa kwanza alizuia wastani wa mipira 1.3 kwa mchezo, akicheza dakika 13 tu. Ukigawanya, hiyo ni bloku moja kila dakika kumi, kiwango cha mabingwa. Pamoja na hayo, Februari 2010 alishushwa kwenda Dakota Wizards katika ligi ya kukuza vipaji, na kufikia 2014 safari yake ya NBA ilikuwa imekwisha. Wanaombeza husema alikuwa mvivu, au hakuwa na kitu. Tarakimu zinakataa. Alichokosa, kwa hukumu yangu, ni dakika, na dakika hutokana na miguu: skrini, yaani wapinzani wanaosimama kumzibia mlinzi njia, zilimvuta mbali na ringi, akalazimika kuwafuata mabeki wepesi kwenye eneo lao, na huko urefu haumsaidii mtu. Kijana aliyeanza kikapu akiwa na miaka kama 15 alikuwa bado anajifunza hatua ambazo wenzake walizijua tangu utotoni. Kwa hiyo ukisoma takwimu za senta yeyote, uliza dakika kabla ya bloku. Kocha hutoa maoni yake kwa dakika.

Jaribio kubwa la senta ni mfululizo wa michezo dhidi ya timu moja, ambapo wapinzani wamepata muda wa kumsoma. Masika ya 1994 Denver Nuggets, timu ya Mutombo wakati huo, waliingia katika mchujo wakiwa wa nane, na ushindi mara 42, wakakutana na Seattle SuperSonics, wa kwanza, walioshinda mara 63. Denver walipoteza michezo miwili ya kwanza, kisha wakashinda mitatu mfululizo, na wa tano ulikwenda dakika za nyongeza. Timu ya nane ilikuwa haijawahi kuing'oa ya kwanza. Mutombo alizuia mipira 31 katika michezo hiyo mitano. Inayokumbukwa zaidi ni picha yake akiwa amelala chali sakafuni, mpira kaunyanyua juu kwa mikono miwili, anacheka na kulia. Mjuzi hutamani kuona kilichotangulia picha: jinsi Seattle, timu yenye kasi, ilivyozidi kusita ilipolikaribia eneo lake kadiri siku zilivyokwenda.

Usimpambe, hata hivyo. Fainali za 2001 alikuwa Philadelphia, na Shaquille O'Neal wa Lakers alimfunga wastani wa pointi 33 kwa mchezo. Ulinzi wa kusaidia wenzako na ulinzi wa kumbeba mtu mmoja mzito ni kazi mbili tofauti. Wachache sana wamezimudu zote, na Olajuwon ni mmoja wao.

Msimu uliofuata sheria ikabadilika. NBA ilimkataza mlinzi kukaa zaidi ya sekunde tatu katika eneo la chini ya ringi kama hamkabi mtu kwa karibu. Kanuni za FIBA, shirikisho la kikapu la dunia, hazina katazo hilo, kwa hiyo senta unayemwona Upanga jijini Dar es Salaam, Nairobi au katika michezo ya BAL, ligi ya kikapu ya Afrika, pale Kigali anaruhusiwa kupiga kambi. Mpunguzie maksi kidogo kwa msaada huo, na umwongezee ukimwona akitoka kambini kwa hiari na kurudi kwa wakati.

Umri wa mwisho wa Mutombo ndio ninaoupenda kuliko yote. Februari 2008 Houston Rockets walikuwa wameshinda michezo 12 mfululizo, Yao Ming akavunjika mfupa mdogo wa mguu. Aliyeingia mahali pake alikuwa Mutombo, mwenye miaka 41. Houston wakaongeza ushindi 10, ukafika 22. Goti halikuwa tena na mruko. Kilichobaki ni kujua mahali pa kusimama na sauti nzito ya kuwaelekeza wenzake. Washambuliaji waliendelea kughairi.

Kama unataka kujifunza kuona haya, chukua karatasi na penseli uende kwenye mchezo wowote wenye senta mzuri. Chora safu mbili: senta akiwa uwanjani, na senta akiwa benchi. Weka alama kila mpinzani anapofika karibu na ringi akiwa na mpira, kisha zungushia duara alama za mipira aliyoirusha kweli. Acha bloku, mwenye meza atakuandikia. Fanya hivyo robo mbili, halafu omba karatasi ya takwimu uilinganishe na yako.