«Uko ku mulima gani?»: juu ya orodha ya safu 8.616 za milima

Siku nilipotetea memwari yangu hapa Butembo, mmoja wa juri aliniuliza swali ambalo sikulitayarisha hata kidogo: «Sasa wee, uko ku mulima gani?» Kazi yangu ilikuwa juu ya mmomonyoko wa udongo katika mashamba ya viazi. Nikajibu «Mitumba», vile tulifundishwa sekondari. Mwenzake akanikata: Mitumba ni ya Katanga, huku kwetu tuseme bega la magharibi la Graben. Wa tatu akataka niandike milima ya Rifti ya Albertini. Wakabishana wao kwa wao, mimi nimesimama pale na jasho. Mama yangu aliyekaa nyuma hakuelewa shida iko wapi. Kwake ile ni ekitwa, na kila ekitwa kina jina lake na wenyewe.

Njo maana nilifurahi sana nilipopata orodha ya GMBA, kikundi cha wachunguzi wa viumbe vya milimani chenye makao Uswisi. Toleo lake la pili lilitangazwa mwaka 2022 katika jarida Scientific Data, na Snethlage na wenzake. Wamechora safu za milima 8.616 za dunia nzima, wakazipanga kama ngazi: safu ndogo ndani ya kubwa, kubwa ndani ya kubwa zaidi. Kuipakua ni bure. Mtu anayehesabu ndege wa Andes na mwingine anayehesabu wa Ethiopia sasa wanaweza kulinganisha bila kugombana mlima unaanzia wapi. Nasema wazi kabisa: ni kazi nzuri, na ingekuwepo mezani siku ile ningeokoka.

Lakini nimeitumia sasa miezi kadhaa, na kuna mambo mawili yananikera.

La kwanza ni dogo. Mlima ni nini? Mwaka 2000 Kapos na wenzake walitumia urefu juu ya bahari pamoja na mteremko, wakapata kwamba karibu asilimia 24 ya nchi kavu ni milima. Mwaka 2011 Körner na wenzake wa GMBA wakaacha urefu. Wanakata dunia katika vipande vya kilometa nne na nusu hivi, na ndani ya kipande wanatafuta pointi ya juu na ya chini. Tofauti ikipita mita 200, ni mlima. Kwa njia hiyo milima inabaki asilimia 12,3 tu, bila Antaktika. Kwa kipimo cha zamani, shamba la Butembo, kwenye mita 1.700 na kitu, linahitaji mteremko wa digrii mbili tu liitwe la mlimani. Kwa kipimo kipya, baridi yako na urefu wako havikusaidii: tambarare ya juu inaweza kuanguka nje, na bonde la kando yake likabaki ndani. Mkulima wa viazi hawezi kuelewa hiyo, na kusema kweli hata mimi nilichukua siku mbili. Lakini ni uamuzi wao, wameueleza, tuendelee.

La pili njo kubwa, na linahusu Rwenzori.

Kwenye ramani, Rwenzori ni umbo moja. Kijiolojia iko sawa: ni bonge moja la miamba ya kale lililosukumwa juu na Rifti, si volkano kama Nyiragongo. Kilele cha Margherita, mita 5.109, kiko mpakani kabisa. Lakini kazi ya sayansi haikufanyika pande zote sawa. Upande wa Uganda kuna mbuga iliyoingia urithi wa dunia mwaka 1994, njia, vibanda vya kulala, na watafiti wanaopanda na kushuka. Upande wetu uko ndani ya mbuga ya Virunga, iliyoanzishwa mwaka 1925. Njia iko, kutoka Mutsora kupitia bonde la Butahu, na mwaka 1932 Wabeleji wa de Grunne walifanya kazi kubwa upande huu. Lakini sasa? Mwanafunzi wa Beni anayeomba ruhusa ya nyumbani apande kukusanya mimea miezi miwili, na ADF wako porini, wazazi watamjibu nini? Mnajua wenyewe.

Sasa angalia kinachotokea. Mtu wa mbali anachukua umbo la Rwenzori, anamwaga ndani yake rekodi zote za mimea na vyura, anapata namba moja. Namba ile inasemekana ni ya Rwenzori. Kumbe sehemu kubwa ni ya mteremko wa mashariki. Mteremko wa magharibi, unaoporomoka wima zaidi hadi Semuliki, unabeba namba ambayo haikupimwa kwake. Au kinyume chake: mtu anagawanya kwa nchi, na upande wetu unaonekana maskini wa viumbe, wakati haujatembelewa tu. Na ni maji ya mteremko huu yanayowasha taa za Mutwanga tangu 2013. Tukitaka kujua yatabaki mangapi, tutafanya hesabu kwa vipimo vya jirani?

Silaumu wachoraji peke yao. Wao walichora mipaka, hawakuahidi kupima vyura. Lawama nyingine ni yetu: tunabandika ramani ile sura ya kwanza ya memwari, ina rangi nzuri, halafu hatuandiki popote pointi zetu zilikuwa upande gani wa mlima. Ningetaka kila safu kwenye orodha ile iwe na namba moja ya ziada: asilimia ngapi ya umbo hili mtu amefika kweli kupima.

Mimi nimeanza na yangu. Katika nakala iliyosahihishwa nimeongeza kwamba pointi zangu zote 14 ziko kando ya barabara ya Butembo–Beni, kabla ya Maboya, kwa sababu mbali zaidi sikuthubutu kwenda. Mwalimu mmoja alinishauri niondoe sentensi hiyo, inaonyesha woga. Nimeiacha. Kwenye nafasi ya jina la mlima nimeandika majina yote matatu ya juri, na la nne ni lile alilonipa mama.