Namna ya Kuitambua Fanksheni Njema ya Wingu

Tangu Novemba 2014, Amazon ilipoitangaza Lambda, huduma impayo mwandishi wa programu uwezo wa kukabidhi kipande cha msimbo kiitwacho fanksheni, kikaamshwa na tukio na kulipiwa kwa muda wa kazi yake tu, bila yeye kukodi wala kutunza seva, fanksheni hizi aghalabu zimesifiwa kwa wepesi na unafuu wake. Sifa hizo ni za kweli, walakini ni sifa za jukwaa. Na atakaye kuijua kazi ya fundi mwenyewe, na aulize maswali mawili: tukio lile lile likifika mara ya pili, fanksheni hufanyaje? Na tukio likiishinda, huliacha wapi?

Swali la kwanza ndilo lenye uzito, nalo lastahili kukaliwa kitako. Foleni ya kawaida ya SQS, huduma ya Amazon ya foleni za ujumbe, ambayo mara nyingi huwekwa mbele ya fanksheni, huahidi kufikisha ujumbe angalau mara moja. Haiahidi kuufikisha mara moja tu, na baina ya ahadi hizo mbili ndipo hesabu za watu huharibika. Tuseme shule moja ya Nairobi hupokea karo kwa M-Pesa, habari ya kila malipo ikaingizwa katika foleni, na fanksheni ikaongeza fedha katika hesabu ya mwanafunzi. Ikiwa fanksheni itaongeza fedha kisha ikafa kabla ya kuiarifu foleni kuwa kazi imekwisha, ujumbe utarudi, na mzazi aliyelipa shilingi 5,000 ataandikiwa 10,000. Fundi hodari huifanya namba ya risiti ya malipo kuwa ufunguo, akaandika risiti pamoja na nyongeza ya fedha katika muamala mmoja wa hifadhidata, kwa sharti kwamba risiti hiyo haijapata kuandikwa. Ujumbe ukija tena, sharti huukataa, na fanksheni hujibu kuwa kazi imekwisha. Hapa jicho la mjuzi halina budi kuwa kali, kwani kuna kazi zifananazo na hii kwa sura na kuachana nayo kwa tabia. Msimbo uulizao kwanza kama risiti ipo, kisha ndipo uandike, una ufa, maana nakala mbili za fanksheni zaweza kuuliza kwa wakati mmoja, zote zikaambiwa haipo, zote zikaandika. Sharti lazima likae ndani ya uandishi wenyewe. Na ufunguo uliobuniwa kwa bahati nasibu ndani ya fanksheni haufai kitu, kwa kuwa kila marudio huzaa ufunguo mpya. Nikikuta ufunguo wa namna hiyo, sisomi zaidi.

Ama swali la pili, jibu lake aghalabu limo katika mipangilio wala si katika msimbo. Fanksheni ya Lambda iliyoitwa bila mwitaji kungoja jibu ikishindwa, jukwaa kwa kawaida yake hujaribu mara mbili zaidi, kisha hulitupa tukio, isipokuwa mwenye kazi ameliandalia pa kwenda. Tazama, basi, kama foleni ya ujumbe ulioshindikana imewekwa, na kama kuna king'ora cha kumwarifu mtu ujumbe wa kwanza uingiapo humo. Taksiri iliyo mbaya kuliko zote, kwa rai yangu, ni ile ya msimbo umezao kila kosa na kurudisha jibu la heri, kwa sababu jukwaa husadiki na kuufuta ujumbe, na baada ya hapo hapana hata athari ya kilichopotea. Kadhalika matukio kumi yakitolewa katika foleni kwa pamoja na moja likawa na kasoro, fanksheni njema hulitaja lile moja tu. Isiyotaja huyarudisha yote kumi, na tisa yaliyokwisha tendwa hutendwa upya.

Kasi haihitaji maneno mengi. Fanksheni iliyokaa bila kuitwa huchelewa kuamka, na mwandishi mwenye busara hufungua muunganisho wa hifadhidata nje ya sehemu iitwayo kila mara, ili utumike tena. Memori, baina ya megabaiti 128 na 10,240, ichaguliwe kwa kupima, maana nguvu ya prosesa huongezeka pamoja nayo, na yamkini memori zaidi ikamaliza kazi mapema kwa gharama ile ile. Kazi inayokaribia ukomo wa dakika 15 haikuwekwa mahali pake. Igawanywe au ihamishwe.

Tazama na idhini. Fanksheni ipunguzayo picha isome katika hifadhi moja na kuandika katika nyingine. Ikiandika pale pale ilipoamshiwa, kila picha ndogo huweza kuiamsha tena, na jukwaa lisipoukata mzunguko huo, gharama hupanda usiku kucha wenyewe wamelala. Iliyo bora haina hata ruhusa ya kuandika katika hifadhi iliyoiamsha. Ukipata nafasi ya kukaa na mwandishi wa fanksheni kama ile ya karo, mwombe aitume habari ile ile ya malipo mara mbili mbele yako, kisha atume nyingine iliyoharibiwa makusudi, akuonyeshe iko wapi sasa: fundi ataifungua foleni ya ujumbe ulioshindikana na kukutolea habari hiyo, pamoja na saa ilipofika na sababu ya kushindikana kwake.