Kuitambua Dawa ya Protini Iliyo Nzima

Dawa ya protini haitoi harufu inapoharibika. Mnunuzi wa samaki mjini Kashikishi, Zambia, hufunua matamvua, akaona wekundu, akajua. Kichupa cha insulini kilichopigwa na joto kinaweza kubaki na sura ileile. Kwa hiyo ubora wake husomwa kwa hatua, tangu kiwandani hadi ufukweni mwa Ziwa Mweru.

Asili yake. Protini ni mnyororo wa asidi amino uliokunjwa kwa umbo maalumu, na umbo hilo ndilo dawa. Likivurugika, nguvu hupotea. Protini kubwa huachiwa chembe hai kuzitengeneza. Insulini ya binadamu iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1982 ilitoka kwa bakteria waliopandikizwa jeni. Kinga ya homa ya ini B iliyomo katika chanjo ya watoto ya magonjwa 5 hutoka kwenye hamira. Ndivyo zilivyo pia chanjo za malaria, RTS,S na R21, ambazo Shirika la Afya Duniani lilizipendekeza mwaka 2021 na 2023 baada ya majaribio yaliyofika hadi Bagamoyo na Kilifi. Kwa wilaya ya Nchelenge, ilipo Kashikishi, ambako malaria haina msimu wa kupumzika, habari hizi zinagusa kila nyumba.

Kiwanda bora huanzisha kila toleo kwa seli za akiba moja, huchuja uchafu wa seli, kisha hupima usafi, nguvu, na kama protini zimegandana. Basi tazama kwanza namba ya toleo na tarehe ya mwisho. Kichupa kilichofutika namba hakina wa kukitolea ushahidi.

Joto. Dawa nyingi za jamii hii hukaa kati ya nyuzi 2 na 8. Kwenye kichupa cha chanjo tafuta alama ya duara lenye mraba ndani. Mraba ukiwa mweupe kuliko duara, na tarehe haijapita, tumia. Rangi zikilingana, au mraba ukizidi weusi, usitumie.

Barafu. Hapa ndipo wengi huteleza. Katika nchi ya joto tunaogopa jua, tukasahau kwamba barafu nayo huua, na ile alama ya mraba haioni barafu kamwe. Kabla boti haijaondoka kwenda visiwa vya Kilwa na Isokwe ziwani Mweru, tikisa pakiti za barafu: yasikike maji ndani yake ndipo ziwekwe pamoja na chanjo.

Ukishuku kwamba chanjo ya magonjwa 5 au ya pepopunda imeganda, fanya jaribio la kutikisa. Chukua kichupa cha toleo hilohilo, kiandike, kigandishe kabisa, kiyeyushe. Tikisa vyote viwili pamoja, vipange mezani, utazame kwa nusu saa. Chenye shaka kikituama haraka sawa na kilichogandishwa, au kukizidi, kimeharibika. Jaribio hili ni la chanjo zenye chumvi ya alumini tu. Usilihamishie kwenye chanjo za malaria.

Insulini nyumbani. Ile angavu ibaki angavu kama maji safi. Ile yenye rangi ya maziwa izungushwe taratibu viganjani hadi ichanganyike sawasawa; ikibaki na mabonge au chembe zilizoganda ukutani, iache. Iliyokwisha kufunguliwa, aina nyingi huvumilia takriban wiki 4 chini ya nyuzi 30. Soma karatasi ya kiwanda iliyokuja na dawa yako. Umeme ukikatika, chungu cha udongo chenye unyevu kivulini hupunguza joto, lakini hakichukui nafasi ya jokofu kwa akiba ya miezi.

Kichupa chenye shaka kitengwe, kiandikwe, kirudishwe. Dozi iliyokosekana leo inaweza kuletwa wiki ijayo. Mtoto aliyechomwa chanjo iliyokufa huandikwa kadini kuwa amekingwa, na hakuna atakayemtafuta tena.