Sado, Lumbesa na Injili ya Luka

Ukisimama mbele ya meza za maharage sokoni Uyole, Mbeya, utaona kazi ya mikono ambayo wauzaji wameizoea hata hawaitazami tena. Muuzaji anachota maharage kwa bakuli na kuyamimina kwenye sado, lile kopo la rangi la lita nne ambalo siku hizi ni kipimo cha masoko mengi. Kopo likijaa, analitikisa. Maharage yanashuka, nafasi inapatikana, anaongeza. Analigonga kidogo mezani, yanashuka tena, anaongeza tena. Mwisho anajazia kwa viganja mpaka juu kunakuwa na kilima, punje zinaanza kuteleza pembeni na kurudi kwenye lundo. Mteja amekwisha kufungua mfuko wake, au ametega pindo la kitenge. Asiyeridhika husema tu, "Mama, niongeze," na kiganja kimoja zaidi hufuata.

Katika Luka 6:38 Yesu anaeleza tendo hilohilo: kujaza, kushindilia, kutikisa, kufurika, kisha kumimina katika kunjo la vazi la anayepokea, maana watu wa nchi ile walikuwa wakipokea nafaka kwa kuvuta vazi mbele ya kifua na kulitega. Nauamini mstari huo kwa sababu nyingi, na mojawapo ni hii ya kawaida kabisa: aliyeusema alikuwa amewahi kusimama kwa muuza nafaka na kuangalia mikono yake.

Ndio ufundi ninaotaka kuusifu hapa, wa kusoma Neno la Mungu kila siku huku ukiyatazama kwa makini yale yaliyo mbele yako. Nauita ufundi kwa sababu una nidhamu yake na una waliobobea. Wengi wa waliobobea ambao mimi nimewasikia hawajasomea teolojia. Nimewasikia kwenye jumuiya.

Maaskofu Wakatoliki wa Afrika Mashariki, chini ya AMECEA, waliamua mwaka 1973, na wakalitilia mkazo tena mwaka 1976, kwamba Kanisa lijengwe kuanzia kwenye jumuiya ndogondogo za Kikristo: familia chache za jirani zinazokutana nyumbani kwa mmoja wao kila wiki. Kwetu ni Jumamosi alfajiri, kabla watu hawajatawanyika kwenda sokoni na shambani. Tunasoma Injili ya Jumapili ijayo kwa utaratibu wa hatua saba uliotungwa katika Taasisi ya Lumko, Afrika Kusini. Tunamkaribisha Bwana, tunasoma, tunakaa na maneno, tunanyamaza, tunashirikishana, tunajadili kazi ya kufanya, tunasali.

Hatua ya tatu ndiyo inayonifurahisha zaidi. Hakuna mahubiri. Kila aliyeguswa na neno au kifungu kifupi anakisoma kwa sauti, taratibu, anarudia mara ya pili na ya tatu, na kati ya kila mara pana kimya. Hasemi kwa nini amekichagua. Mgeni anaweza kuona kama watu wanapoteza muda, lakini hapo ndipo mstari unapoacha kukimbia. Maneno uliyoyasikia tangu utoto, ambayo masikio yako yangeyapita bila kugeuka, yanatoka kwenye mdomo wa jirani ambaye unaijua kazi yake, unawajua watoto wake, unayajua madeni yake, nayo yanasikika kwa sauti ya maisha yake. Mtu aliyeuguza mgonjwa mwezi mzima akirudia neno "amka" mara tatu, chumba kizima kinasikia.

Jumapili ya tarehe 23 Februari 2025 ilikuwa Jumapili ya saba ya mwaka C, na Injili yake ni Luka 6:27-38. Jumamosi iliyotangulia, mama mmoja anayeuza maharage alichukua neno moja tu la ule mstari wa mwisho, lile la kutikiswa. Alilirudia mara tatu. Tulipofika kwenye kushirikishana akaeleza.

"Kile kilima cha juu," alisema, "kila mtu anakiona. Mteja anafurahi, na jirani wa meza ya pili anaona kwamba mimi sina roho mbaya. Kutikisa hakuna anayekuona. Kopo usilolitikisa unaweza kulipandishia kilima kizuri sana, na ndani ni tupu. Maharage yanayoliwa na kule kutikisa ndiyo yanayoniuma, kwa sababu hakuna wa kunishukuru. Asubuhi natikisa. Jioni nikishachoka, napandisha kilima tu."

Nimesoma maelezo kadhaa ya sura ile ya Luka. Yote yanasema kipimo kile ni picha ya ukarimu, na ni kweli. Lakini mama yule ndiye aliyenionyesha kwamba ndani ya picha ile kuna ukarimu wa aina mbili, ule unaoonekana juu ya kopo na ule unaoishia ndani. Sikuwa na njia ya kulijua hilo, kwa sababu sijawahi kuuza maharage. Mistari mitatu kabla ya hapo, katika 6:35, Yesu anaagiza kukopesha bila kutarajia kurudishiwa. Hayo nayo ni maharage ya ndani ya kopo, na nadhani mama alikuwa amegusa kiini cha sura nzima kwa kuyajua mambo ya meza yake.

Kisha mzee mmoja mkulima wa viazi akaomba kusema. Alisema kwamba yeye neno hilo la kufurika linamkaa vibaya, maana kwake kipimo kinachofurika ni lumbesa.

Kwa ambaye hajaiona, lumbesa ni gunia lililojazwa mpaka mdomoni, kisha likaongezwa kipande kingine cha gunia au wavu juu yake, viazi vikapangwa tena na kufungwa kwa kamba mpaka gunia linakuwa na kichwa kikubwa juu ya mabega. Mnunuzi analipa bei ya gunia moja. Sheria ya Vipimo, Sura ya 340, imeweka mwisho wa uzito wa gunia la mazao kuwa kilo 100, na Wakala wa Vipimo amekuwa akiwakamata wanaokiuka, lakini kule shambani mara nyingi mizani haipo. Gari limeshafika, viazi vimeshachimbwa, dalali anasema hivi ndivyo tunavyonunua. Mkulima anajaza, anashindilia, anatikisa, mpaka linafurika. Vitenzi ni vilevile vya Injili, kimoja baada ya kingine.

Tulinyamaza, na hicho hakikuwa kimya cha hatua ya nne. Ingekuwa rahisi mtu kumwambia mzee kwamba hapo Yesu anazungumzia mambo ya roho. Nashukuru hakuna aliyesema hivyo. Katekista mmoja mstaafu alifungua Biblia yake, akaenda moja kwa moja Kumbukumbu la Torati 25:13-16, pale ambapo Mungu anawakataza watu kuwa na mawe mawili ya kupimia mfukoni, kubwa na dogo, na vipimo viwili nyumbani. Akauliza, "Katika Luka, kopo limeshikwa na nani?" Limeshikwa na anayetoa. Agizo anapewa yeye. Anayepokea hajapewa ruhusa mahali popote ya kusimama juu ya gunia la mwenzake na kudai lifurike. Kilima kilekile kikitoka kwa mwenye maharage ni zawadi, na kikidaiwa na mwenye nguvu ni mali iliyoporwa.

Katekista yule hakuitafuta aya ile asubuhi hiyo. Alikuwa nayo. Anasoma sura zake kila siku, na zile sura za sheria ambazo wengi wetu tunazikwepa yeye amezipita mara nyingi. Hapo ndipo ninapoona kazi ya kusoma kila siku. Siku nyingi husomi chochote kinachokugusa. Unasoma majina ya koo, vipimo vya hema, sheria za mawe ya mizani, unafunga kitabu, unakwenda kazini. Kisha Jumamosi moja mzee anataja lumbesa, na sura uliyoisoma bila kuona kitu inapata mtu wa kumsaidia.

Jirani zangu Wamoravian, ambao Kanisa lao limo katika milima hii ya kusini tangu mwaka 1891, wana mpango wao wa kale kuliko wetu. Zinzendorf, kiongozi wao wa wakati huo, aliwapa watu wa Herrnhut, Ujerumani, neno la siku kwa mara ya kwanza mwaka 1728, na tangu mwaka 1731 maneno hayo yanachapishwa kitabuni kila mwaka. Mstari wa Agano la Kale bado unachaguliwa kwa kura. Napenda unyenyekevu wa kura ile. Msomaji hachagui kinachompendeza. Sisi Wakatoliki tuna masomo ya Misa yaliyopangwa upya mwaka 1969, miaka mitatu kwa Jumapili na miwili kwa siku za kawaida, nayo yanafanya kazi hiyohiyo ya kukuletea usichokichagua. Mwaka huohuo wa 2025, tarehe 21 Septemba, somo la kwanza lilikuwa Amosi 8:4-7. Wafanyabiashara wanaona sikukuu zinachelewa kwisha, wanataka kupunguza efa na kuongeza uzito wa shekeli, na kuuza makapi pamoja na ngano. Mzee wa viazi aliposikia habari za makapi alitikisa kichwa. Naye anajua magunia ambayo viazi vikubwa hupangwa juu na vidogo vikafichwa chini, na hao wanaofanya hivyo safari hii ni wakulima wenzake. Alilisema hilo mwenyewe, mbele yetu.

Kuna namna nyingine ya kutafuta mafundisho ya imani ambayo siikubali, nami niseme wazi. Ni ile ya kukishika chochote kilicho karibu na kukigeuza mahubiri kabla ya kukitazama. Simu imeisha chaji, basi na roho inahitaji chaji. Mvua imenyesha, basi ni baraka. Msikilizaji anaondoka hajajua jipya lolote kuhusu roho wala kuhusu simu. Na mvua inayoyakuta maharage yameshang'olewa na kuanikwa uwanjani, mwenye shamba hawezi kuiita baraka, hata mhubiri apaze sauti vipi. Yesu hakufanya hivyo. Katika Luka 12:54-55 anataja wingu la magharibi kuwa dalili ya mvua na upepo wa kusini kuwa dalili ya joto, na ndivyo ilivyo katika nchi ile, yenye bahari ya Mediterania upande wa magharibi na jangwa upande wa kusini. Aliiacha hali ya hewa iwe hali ya hewa kwanza. Heshima hiyo kwa vitu ni sehemu ya imani, maana ni vitu alivyoviumba Mungu na vina ukweli wao kabla hatujavihubiria.

Nina jambo moja la kuwaomba wasomaji wenzangu wa masomo ya siku: msiishie hapo. Agosti 2025 tulisomewa kitabu cha Ruthu kwa siku mbili, Ijumaa na Jumamosi, na sura ya tatu ikarukwa yote, kama inavyorukwa kila mzunguko. Anayetegemea masomo ya Misa peke yake hatakutana kamwe na Ruthu 3:15, ambapo Boazi, mwenye shamba, anamwambia Ruthu, yule mjane Mmoabu, alete shela yake na kuishika vizuri, kisha anampimia vipimo sita vya shayiri. Pindo limetegwa, nafaka inamiminwa, mwenye kopo ndiye mtoaji. Kipimo cha Luka kilikuwa kimeshapimwa Bethlehemu, karne nyingi kabla, kwa mwanamke mgeni asiye na mtu wa kumsemea. Nilipomwonyesha mama wa maharage sura ile aliisoma yote akiwa amesimama nyuma ya meza yake, na alichotaka kujua ni kama Boazi alitikisa. Kitabu hakisemi. Lakini sura ya pili inasema aliwaagiza vijana wake wachomoe masuke kutoka kwenye miganda na kuyaacha chini kwa makusudi, ili Ruthu ayaokote bila kujua kwamba amewekewa. Mama akasema huyo alitikisa.

Jumuiya haikuishia kwenye maneno. Katika hatua ya sita ya Jumamosi ile ya Februari, wakulima wa viazi walikubaliana kuchangia mizani moja ya kuzungushwa mashambani wakati wa mavuno, na wasiuze kwa anayekataa kupima. Ni vigumu. Dalali mwenye gari anaweza kwenda kijiji cha pili. Baadhi walishindwa kusubiri msimu huo kwa sababu ada za shule hazisubiri, na sioni wa kuwalaumu.

Naomi, mkwe wa Ruthu, naye alisubiri, na kwangu yeye ndiye bingwa wa ufundi huu katika Biblia nzima. Ruthu anarudi kutoka kwa Boazi kabla hapajapambazuka vizuri, na mkwewe anamwuliza mambo yamekwendaje. Ruthu anaeleza, anaonyesha shayiri. Naomi anaitazama ile nafaka, na kutokana nayo anasoma moyo wa mwanamume ambaye hayupo chumbani: anamwambia binti yake atulie, kwa kuwa mtu huyo hatapumzika mpaka alimalize jambo hili leo. Sura ya nne inapoanza, Boazi ameshapanda kwenda langoni mwa mji na kuketi, akimngoja jamaa mwingine wa ukoo, mwenye haki ya kumkomboa Ruthu kabla yake, apite.