Sauti ya Pande Zote: Nimezisikia mbl 101 E MkII!

Jamani, nimezisikia! Spika ambazo kwa miaka nimezisoma na kuzitazama pichani hatimaye zimenipigia muziki nikiwa nazo chumba kimoja. Ni mbl 101 E MkII, kutoka Berlin, Ujerumani, na hukumu yangu naitoa mapema: sijawahi kusikia spika zikiwaleta wapigaji chumbani namna hii. Ukifumba macho, huwezi kunyoosha kidole ukasema sauti inatoka kwenye lile sanduku pale. Bendi imejipanga, imeenea, inapumua, na wewe umo ndani yake.

Kwanza, umbo. Chini kuna sanduku lenye wufa ya besi nzito. Juu yake hakuna koni hata moja inayokutazama. Kuna vitoa sauti vitatu vya mviringo vilivyopandana: kikubwa chini, cha wastani katikati, kidogo kileleni. Kila kimoja kimeundwa kwa vibanzi vyembamba vilivyopinda kwa nje na kushikamana juu na chini. Vibanzi vya kile kikubwa ni vya alumini yenye magnesiamu. Vya hivyo viwili vingine ni vya nyuzi za kaboni. Koili ikisukuma, vibanzi vyote hutuna kwa pamoja, kisha hunywea. Hewa inasukumwa mbele, nyuma, kushoto na kulia kwa wakati mmoja! Wenyewe wanakiita Radialstrahler, na kampuni hii, iliyoanzishwa mwaka 1979, imejenga jina lake juu ya wazo hilo. Kazi imegawanywa vizuri: wufa inaishia kwenye hezi 105, kile kikubwa kinapokea hadi 600, cha kati hadi 3,500, na kidogo kinamaliza huko juu.

Kwa nini haya yote yanihangaishe? Kwa sababu spika ya kawaida ni tochi, na hii ni karabai. Besi ya spika ya kawaida huzunguka chumba kizima, kwa kuwa wimbi la hezi 100 lina urefu wa zaidi ya mita tatu na sanduku haliwezi kulizuia. Lakini wimbi la hezi 10,000 halizidi sentimita tatu na nusu, na twita, kile kitoa sauti kidogo cha sauti nyembamba, hulielekeza mbele tu. Matokeo yake ni kwamba aliyekaa katikati anapata muziki kamili, aliyekaa pembeni anapata besi na mabaki. Isitoshe, sauti inayogonga kuta na kurudi inakuwa imekwishapoteza mng'ao. Sikio linapokea sauti mbili zenye rangi tofauti na kulazimika kuzipatanisha. Kwa spika ya pande zote, kinachorudi kutoka ukutani kinafanana na kilichokuja moja kwa moja. Sikio linaviunganisha bila kuchoka, kama linavyofanya fidla au ngoma ikipigwa mbele yako, maana ala hizo nazo hazipeleki sauti upande mmoja tu.

Nilikwenda na muziki ninaoujua kwa moyo. Nikaanza na taarabu ya Culture Musical Club ya Zanzibar. Ee Mola! Fidla zilitandazwa kwa upana, akodiani ikajaza katikati, kanuni ikameta upande wake, na mwimbaji akasimama mbele yao kwa kimo cha mtu, si cha sanduku. Kila mpigaji alikuwa na hewa yake. Nikahamia "Mario" ya Franco na TPOK Jazz, ya mwaka 1985. Magitaa yale yanayojibizana nilikuwa nimezoea kuyasikia yakibanana. Hapa kila gitaa lilikuwa na mahali pake, na sauti ya mwimbaji Madilu System ilielea juu yao bila ukali wowote. Nikainuka kitini. Nikaenda pembeni, nikasimama nyuma karibu na mlango, nikapita hata upande wa pili wa spika. Muziki haukuharibika! Mizani ya kushoto na kulia ilisogea kidogo, ndiyo, lakini fidla ilibaki fidla na besi ilibaki besi kila nilipokwenda.

Na hapa ndipo moyo wangu ulipodunda kwa ajili yetu sisi. Tazama sebule zetu: makochi yamezunguka kuta tatu, babu kule, shangazi huku, watoto kwenye zulia, wageni mlangoni. Hatukai mtu mmoja kwenye kiti kimoja katikati ya chumba. Stirio ya kawaida imebuniwa kwa msikilizaji mpweke. Spika ya pande zote inaihudumia baraza nzima. Kwangu mimi hiyo peke yake inatosha kubadilisha namna ya kuchagua spika.

Sinema ya nyumbani je? Inasisimua! Mvua ya filamu inanyesha chumba kizima, umati unakuzunguka, na ndege inapita bila kuruka kutoka sanduku hadi sanduku. Kwa spika za pembeni na za nyuma, ambazo kazi yake ni kukuzamisha ndani ya tukio, sioni chaguo bora zaidi. Mazungumzo yanataka uangalifu. Kama watazamaji wamekaa kwa upana, weka spika ya kawaida ya katikati chini ya runinga, ielekee viti, ili maneno yatoke kwenye kioo na yaeleweke. Hakikisha tu rangi ya sauti yake inakaribiana na ya zile nyingine, kisha iache risiva yako ipime chumba kwa maikrofoni yake.

Sasa masharti, maana upendo wangu si wa kufumba macho. La kwanza ni nafasi. Ukiiweka spika mita moja kutoka ukutani, sauti ya nyuma inasafiri mita mbili za ziada na kukufikia takriban milisekunde sita baadaye. Hapo sikio linapata kina. Ukiibandika ukutani, kina hicho kinakwisha. La pili ni chumba chenyewe. Kuta za tofali za saruji, sakafu ya vigae na madirisha mapana hurudisha sauti kwa ukali, na spika hizi zinazigusa kuta zote. Tandika zulia nene, ning'iniza mapazia mazito, panga kabati la vitabu. La tatu ni ampilifaya: spika hizi si nyepesi kusukumwa, kwani kwa wati moja hazifikishi hata desibeli 85. Zinataka ampilifaya yenye misuli ya kweli. Na anayetaka mwimbaji awe nukta moja kali katikati ya hewa atazipendelea spika za kuelekeza. Hizi humchora mtu mzima, mwenye mwili.

Bei yake ni makumi ya maelfu ya euro, lakini msikate tamaa! Wazo hili lina milango mingine. Duevel Planets, za Ujerumani pia, zina wufa na twita zinazotazama juu, na juu ya kila moja kuna tufe linalotawanya sauti. Unazipata kwa sehemu ndogo sana ya bei hiyo. Ohm ya Brooklyn, Marekani, inaendeleza ubunifu wa Lincoln Walsh, aliyefariki mwaka 1971 kabla koni yake iliyopinduliwa kichwa chini haijafika sokoni. Spika zake za sasa hupunguza sauti ya upande wa ukuta, kwa hiyo zinafaa vyumba vyenye nafasi finyu. German Physiks wamelichukua wazo hilohilo la Walsh na kulifikisha mbali kwa kitoa sauti kimoja kinachobeba karibu masafa yote.

Hukumu yangu basi: kama uwezo upo na chumba kinaruhusu, mbl 101 E MkII ni spika za kununua na kuzeeka nazo. Kama uwezo ni wa wengi wetu, anza na Planets, uziweke mbali na ukuta, utandike zulia. Ila kabla hujatoa hata senti, omba kuzisikia. Nenda na nyimbo zako mwenyewe, na ukifika usikae. Zunguka chumba kizima, simama kila pembe, kisha ndipo uamue.