Sikio la Kuhesabu Mizani

Tutunge ubeti mfupi wa warina asali wa miombo ya Rungwa, kisha tuufungue:

Mrina yumo porini, mzinga waning'inia,
Asali i masegani, nta imeizibia.

Usome kwa sauti, kidole kikigonga meza kwa kila silabi. Ukwapi, nusu ya kwanza ya mshororo, m-ri-na-yu-mo-po-ri-ni: mizani 8. Utao, nusu ya pili, m-zi-nga-wa-ni-ng'i-ni-a: 8 tena. Mshororo wa pili unatiririka hadi kwenye "nta". Anayehesabu kwa macho hupata 7 na kudhani utao una pengo. Anayehesabu kwa mdomo huisikia n ikikaa peke yake kabla ya "ta", na hesabu inatimia. Neno "mzinga" lina hali zote mbili: m yake ni mizani kamili, n yake imemezwa na g. Naipenda kazi hii kwa sababu inaturudisha kwenye lugha inavyotamkwa, neno kwa neno.

Wako wanaoiona kazi hii kuwa mali ya pwani. Ni kweli Mombasa ya malenga Muyaka iliinoa mapema. Lakini kitabu cha sheria za kutunga mashairi, cha mwaka 1954, kiliandikwa na Kaluta Amri Abedi, mtoto wa Ujiji. Na Mathias Mnyampala, aliyezivumisha ngonjera, alikuwa Mgogo wa Dodoma. Reli ya Kati inayounganisha nyumbani kwao hupita Manyoni na Itigi, na ukishuka Itigi ukafuata barabara ya Mbeya unafika Rungwa. Fundi wa bara hana haja ya kuomba radhi.

Sasa vina. Cha kati ni -ni, cha mwisho -a, na havikuyumba. Ila vina thamani tofauti. "Porini" na "masegani" vimepata -ni kwa kiambishi cha mahali, ambacho nomino nyingi hukikubali. Hicho ni kina cha bei nafuu. "Imeizibia" nayo imesaidiwa na kauli ya kutendea. "Waning'inia" ndilo neno lililokuja na mwisho wake lenyewe, na ndiyo maana utao ule unasimama imara kuliko vipande vingine.

Ukitaka kuufikisha kwenye tarbia, yaani ubeti wa mishororo minne, imebaki mishororo miwili. Tafuta -ni isiyo ya mahali: thamani, amani, huzuni, kisirani. Kisha gonga meza upya.